Kontra inateleza, skwea inakatikakatika: kosa liko wapi?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Massachusetts na mwaka mzima sasa nacheza dansi ya kontra karibu kila wikendi. Naipenda kwa sababu mwili wangu unajua pa kwenda hata kabla sijafikiri. Miezi michache iliyopita nilijiunga na darasa la skwea, zile za kisasa za klabu, na tangu hapo sijielewi. Naanza, nasimama, naanza tena. Mkono wa kushoto ndiyo kwanza nimeuachia, naambiwa niutoe tena. Rafiki yangu wa kontra anasema skwea haina mtiririko, ni hesabu tu. Wale wa skwea wanasema kontra ni nyepesi, kitu kilekile usiku kucha. Nani mkweli? Pili, nimejaribu kutunga kontra yangu. Baada ya swingi na jirani, Larki wanafanya alemandi ya kulia mara moja na nusu, kisha kila mtu swingi na mwenzi wake. Kwenye karatasi kila mtu anafika anapotakiwa, lakini tulipoijaribu watu waligongana. Mbele kidogo nimeazima skwea-thruu ya mikono minne, nikaifuatisha alemandi ya kushoto, nayo ikakwama. Mwisho, swingi ndefu zinanitia kizunguzungu na bega la kulia linauma. Niendelee na skwea au niiache?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini skwea inakukatika miguuni, kwa nini kontra uliyoitunga inagonganisha watu, na kama mwili wako unaruhusu kuendelea. Yote nitayajibu, ila la kwanza nitalikalia zaidi, maana ukishalielewa, la pili utalitatua mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona dansi hizi: ni dansi za kijamii za Marekani, ambazo mtu mmoja jukwaani, mwitaji, anawatajia wachezaji la kufanya. Katika kontra watu hupanga mistari miwili mirefu wakitazamana, kisha hugawanyika jozi mbilimbili, yaani watu wanne wanne. Mfuatano mmoja wa miondoko huchukua mapigo 64 ya muziki. Ukiisha, kila jozi imesogea nafasi moja na kukutana na majirani wapya, na mfuatano uleule unaanza upya. Anayesimama kushoto katika jozi siku hizi huitwa Larki na wa kulia Robini, majina ya ndege, kwa sababu vikundi vingi vimeacha kugawa nafasi hizo kwa mwanamume na mwanamke. Skwea ni jozi nne tu, kila moja upande wake wa mraba, na hao wanane hubaki pamoja mpaka muziki uishe. Mwenzi ni yule wa jozi yako, jirani ni wa jozi mliyokutana nayo. Swingi ni wawili kushikana karibu na kuzunguka papo hapo, na alemandi ni wawili kushikana mkono mmoja na kuzungukana.

Sasa tuje kwenye ubishi wa rafiki zako. Wote wanaeleza kitu wanachokihisi kweli, ila sababu wanaitafuta mahali pasipo. Mtiririko hauko ndani ya kontra, wala haukukosekana ndani ya skwea. Uko kwenye kiungo, pale mwondoko mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Miondoko yenyewe dansi hizi mbili zinagawana kwa kiasi kikubwa: alemandi, dosido (wawili kuzungukana bila kushikana), nyota (wanne kuzunguka wakiunganisha mkono mmoja katikati), duara, promenadi (jozi kutembea bega kwa bega), mnyororo wa Robini (Robini kuvukana na kuzungushwa upande wa pili). Ukitaka kujua kama mfuatano utateleza, jiulize hivi: mwondoko huu unapoisha, uzito wangu unaelekea wapi, uso wangu unatazama wapi, na mkono upi uko huru? Kama mwondoko unaofuata unataka vitu hivyohivyo vitatu, utavuka bila kujua kwamba umevuka. Mwondoko huo ukitaka kimoja tofauti, utahisi kigugumizi kidogo. Ukitaka vyote vitatu tofauti, watu watagongana.

Na mtiririko si kutosimama. Balansi ya kontra ni kusimama kwa makusudi: hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mapigo manne, mkishikana mikono na kuvutana kidogo. Hakuna mchezaji anayeilalamikia, kwa sababu ile nguvu mnayoikusanya mkirudi nyuma ndiyo inayowatupa kwenye swingi. Kinachoudhi ni kusimama kusikoandaa kitu.

Tuanze na mikono. Itazame swingi kwa karibu. Mkono wa kulia wa Larki uko mgongoni kwa Robini, chini ya bapa la bega. Mkono wake wa kushoto umeshika wa kulia wa Robini, umenyooshwa pembeni kidogo. Swingi inapofunguka ili mtazame ndani ya mstari, mkono ulioko mgongoni hubaki pale hadi mwisho, na ile mikono iliyonyooshwa ndiyo inayoachiana kwanza. Kwa hiyo katika nukta hiyo Larki ana mkono wa kushoto ulio huru na Robini ana wa kulia ulio huru, na yote miwili tayari imeelekea katikati. Sasa kumbuka kontra zote ulizocheza. Baada ya swingi, mara ngapi umesikia "Larki, alemandi ya kushoto"? Mara ngapi umesikia "mnyororo wa Robini", ambao Robini wanauanza kwa kuvukana kwa mkono wa kulia? Watunzi hawarudii viungo hivyo kwa kuishiwa mawazo. Wanavirudia kwa sababu mkono unaotakiwa ndio uliokwisha kufika.

Baada ya mikono, itazame njia ambayo miguu yako inaichora sakafuni. Swingi huzunguka kufuata mishale ya saa. Alemandi ya kulia vilevile, na dosido ya begani kulia vilevile. Alemandi ya kushoto huzunguka kinyume cha saa. Duara likienda kushoto, watu wote wanafuata saa. Sasa, ukitoka kwenye mzunguko mmoja kuingia mwingine ulio ubavuni mwake, na mwenzako akiwa mtu mwingine, mizunguko hiyo miwili ni kama magurudumu ya meno yaliyoumana ndani ya mashine: moja likienda kulia, la pili lazima liende kushoto. Ukilazimisha yote mawili yaende upande mmoja, pale yanapogusana meno yanapishana vibaya. Mchezaji anayetoka alemandi ya kushoto na mtu mmoja kuingia swingi na mwingine anachora umbo la S bila kupunguza mwendo. Anayetoka alemandi ya kulia kuingia swingi na mtu mwingine inabidi apige breki na kugeuza mwili njiani.

Mambo yanageuka mzunguko mdogo unapokuwa ndani ya mzunguko mkubwa. Hapo mizunguko yote miwili inapaswa kwenda upande mmoja. Ndiyo maana duara la kushoto robo tatu likifuatiwa na swingi huwa tamu sana: watu wanne walikuwa wanafuata saa, wakagawanyika wawili wawili, na kila jozi ikaendelea kufuata saa. Ndiyo maana pia mnyororo wa Robini, unaoishia kwa jozi kuzunguka kinyume cha saa bega kwa bega, huingia vizuri kwenye nyota ya mkono wa kushoto, ambayo nayo ni kinyume cha saa. Dosido na mtu yuleyule utakayeswingi naye haina shida yoyote, kwa kuwa mzunguko ni uleule mmoja, umekazwa tu.

Kwa hayo, irudie kontra yako. Larki ametoka kwenye swingi na jirani. Mkono wake wa kulia umezama mgongoni kwa Robini, nawe unamtaka autoe hapo aupeleke katikati kwa alemandi ya kulia. Amechelewa kabla hajaanza. Isitoshe swingi ilikuwa inafuata saa na alemandi hiyo, iliyo ubavuni mwake, nayo inafuata saa. Fundo la kwanza. Anamaliza mara moja na nusu, anamkuta mwenzi wake, anatakiwa aingie swingi: mzunguko mwingine wa kufuata saa, ubavuni tena, na mkono unaotakiwa mgongoni kwa mwenzi ndio huo ambao bado umekamatwa na Larki mwingine. Fundo la pili. Kumbe hao waliogongana hawakukosea kitu.

Dawa ni neno moja. Andika "kushoto" badala ya "kulia". Larki wanatoka kwenye swingi mkono wa kushoto ukiwa mbele yao, wanazungukana mara moja na nusu kwa mapigo manane, wanatokea upande wa pili mbele ya wenzi wao, mkono wa kulia ukiwa mtupu kabisa. Kila mtu anafika palepale ulipomtaka afike. Mtunzi anayeangalia nafasi peke yake hataiona tofauti kati ya matoleo haya mawili, wakati mchezaji ataihisi kwenye pigo la kwanza.

Skwea-thruu uliyoazima ina kosa la jamii hiyohiyo. Mwito huo ni kuvutana na kupitana, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ukiwa wa mikono minne, wa mwisho ni wa kushoto. Halafu wewe ukaweka alemandi ya kushoto. Hapo ndipo unaposema mkono ndiyo kwanza umeuachia na unaombwa tena, na ajabu ni kwamba lalamiko uliloleta dhidi ya skwea umelitia kwenye kontra yako mwenyewe. Waitaji wa skwea wanalijua hili kwa moyo: mikono mitatu, kisha alemandi ya kushoto, mikono minne, kisha mwito unaoanza kwa kulia. Basi aidha punguza mkono mmoja na uangalie watu watatokea wapi, au acha minne na umpokee jirani mpya kwa balansi ya mkono wa kulia.

Kwa nini basi kontra ndiyo inayoonekana kuteleza, kama kanuni za viungo ni zilezile? Hapa ndipo penye tofauti ya kweli, nayo ni ya nani anayefunga kiungo na lini.

Katika kontra, mtunzi amekifunga nyumbani. Amekijaribu, amekibadilisha, na mfuatano mbaya haudumu, kwa sababu waitaji hawauiti mara ya pili. Muziki wenyewe umekatwa sawasawa: sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, kila moja mapigo 16, na miondoko mingi ni ya mapigo manane au 16, kwa hiyo kifungu cha muziki na mwondoko huisha pamoja. Mnaoneshwa kwa kutembea kabla ya muziki. Halafu mnaurudia mfuatano uleule, pengine mara kumi na tano au zaidi, mpaka mwitaji ananyamaza. Lazima nikuambie hili wazi: sehemu kubwa ya kile unachokiita mtiririko wa kontra ni kumbukumbu. Mzunguko wa kwanza wa kontra yoyote haukuwa mlaini hivyo. Ulilainika kwa sababu mwili ulishajua kinachokuja na ukaanza kujitayarisha mapigo mawili kabla.

Tena kontra ina akiba, nayo ni swingi. Swingi haina idadi maalumu ya mizunguko. Ukichelewa mapigo mawili kwenye mnyororo, unapunguza swingi kwa mapigo mawili na hakuna atakayejua. Dansi yenye swingi mbili ina akiba mara mbili.

Skwea ya kisasa haina akiba hiyo. Mpaka ngazi inayoitwa Mainstream kuna miito ipatayo 70 ya kujifunza, na ngazi ya Plus inaongeza karibu 30. Fasili zake zinatunzwa na CALLERLAB, chama cha waitaji kilichofanya mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 1974, na kila mwito una mapigo yake: kupitana mapigo 2, sta-thruu 4, swingi-thruu 6. Mwitaji anaipanga miito hiyo jukwaani, mingine aliandaa, mingine anaibuni akiwaangalia ninyi, na raha yake ni kwamba hamjui kinachokuja. Kwa hiyo kiungo hakikufungwa nyumbani. Kinafungwa hewani, kwa sauti, mapigo mawili hivi kabla hujamaliza ulichokuwa unafanya. Mwitaji akichelewa, unamaliza na kusimama ukimsubiri: huko ndiko kuanza na kusimama unakokulalamikia. Akiwahi mno, unaanza kukata kona, unaiba mapigo, na mwisho unakimbia. Akipatia, skwea nzima inatembea bila mshono, na nakuhakikishia hakuna kontra inayotoa furaha ya aina hiyo, ya watu wanane kuteleza pamoja kwenye njia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua dakika moja iliyopita.

Kwa hiyo ukiuliza kama kosa ni lako au ni la mwitaji, jibu langu ni kwamba yote mawili yanawezekana, na namna ya kupambanua ipo. Tazama wachezaji wazoefu ndani ya skwea yako. Kama nao wanasimama na kusubiri, tatizo liko jukwaani. Kama wao wanaelea na wewe ndiye unayekwama, basi liko kwenye mazoea uliyotoka nayo kontra. Nadhani kwako ni hili la pili, japo katika darasa la wanaoanza mwitaji mwema huchelewesha miito kwa makusudi ili kila mtu amalize. Kwa hiyo hata darasa zuri kabisa hukatikakatika miezi ya kwanza.

Mazoea yenyewe ni haya. Alemandi ya kushoto ya skwea ni ya mapigo manne na mnashikana kwenye kigasha, karibu na mwili. Wewe umezoea kuizungusha mara moja na nusu kwa mapigo manane, umeegemea nje. Ukifika na ule uzito wa kontra, unazunguka kupita kiasi na mwenzi anayekungoja mbele tayari ametoa mkono wa kulia. Muziki nao una kasi zaidi, mara nyingi mapigo 120 hadi 128 kwa dakika, wakati kontra huchezwa kati ya 110 na 120. Fupisha hatua zako na utelezeshe nyayo sakafuni. Bana skwea iwe ndogo. Skwea kubwa haiwezi kuteleza hata mwitaji awe fundi namna gani, kwa sababu mapigo yamehesabiwa kwa umbali mfupi.

Halafu kuna kutabiri. Kontra imekufundisha kuelekeza mwili kwenye jambo linalofuata kabla halijatajwa, na kule ni sifa njema. Kwenye skwea ni mtego: umetabiri kulia, umeitiwa kushoto, sasa una kazi ya kurudi. Maliza mwito uzito ukiwa juu ya vidole vya miguu, tayari kwenda upande wowote, mikono ikiwa juu usawa wa kiuno na kifua ili atakayeihitaji aipate.

Na kuna kusimama ambako kumeandikwa ndani ya mwito wenyewe. Chukua swingi-thruu, watu wanne wakiwa kwenye wimbi, yaani mstari ambao kila mtu anatazama kinyume cha jirani yake na wameshikana mikono. Kwanza wote wanageuka nusu kwa mkono wa kulia. Kisha wawili walioingia katikati wanageuka nusu kwa mkono wa kushoto. Wale wawili waliotupwa pembeni, kwa mapigo matatu hivi, hawana pa kwenda. Mgeni anahisi ameachwa. Mzoefu anazipiga hatua zake palepale, mkono umeinuliwa, anampokea anayekuja. Kwa mwili wake dansi haikukatika hata kidogo. Jaribu hilo wiki ijayo: usiruhusu miguu ilale.

Ni vizuri pia ujue kwamba dansi hizi zilikuwa ndugu wa karibu zaidi kuliko zinavyoonekana leo, na kwamba desturi ya kuita miondoko wakati muziki unapigwa ina deni kubwa kwa wapiga fidla Weusi wa Marekani wa karne ya 19, wengi wao wakiwa watumwa, waliopiga na kuita kwa wakati mmoja. Kwa Wazungu wa Ulaya mwalimu wa dansi alikufundisha mfuatano mzima kabla ya karamu. Sauti ya mwitaji ndiyo iliyowawezesha watu wasiosoma kwa mwalimu yeyote kucheza pamoja usiku huohuo, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya viungo hivi. Skwea ya klabu iliota baadaye, baada ya Lloyd Shaw, mkuu wa shule ya Cheyenne Mountain huko Colorado Springs, kuwazungusha wanafunzi wake nchini miaka ya 1930 na 1940 na kuamsha hamu ya skwea za Magharibi mwa Marekani. Kontra ilibaki New England, majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ikilelewa na watu kama Ralph Page wa Keene, New Hampshire, na baadaye Dudley Laufman, aliyewavuta vijana miaka ya 1960 na 1970.

Wala kontra ya zamani haikuwa laini kama unayoijua. Chukua Chorus Jig, moja ya zile kongwe. Jozi ya kwanza inashuka nje ya mstari na kurudi, inashuka katikati na kurudi, inafanya kazi karibu yote, na jozi ya pili muda mwingi imesimama inatazama. Ni baadaye watunzi walianza kutaka watu wote wanne wasogee muda wote. Ila ndani ya dansi hiyohiyo kuna somo la mikono ambalo sijaona bora yake: mwenzi kwa kulia, kona ya kwanza (yaani mtu aliye mshazari mbele yako) kwa kushoto, mwenzi kwa kulia, kona ya pili kwa kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, wala hakuna mkono unaoitwa mara mbili mfululizo. Ukiweza kuicheza, icheze ukiwa na swali lako kichwani.

Kuna njia ya tatu pia, ambayo pengine darasani hawakukuambia. Skwea si za klabu tu. Uko Massachusetts, na huko bado kuna jioni ambazo mwitaji wa kontra hupenyeza skwea za kienyeji za New England, zinazochezwa na bendi hai, zinazofuata vifungu vya muziki sawasawa na kontra, zenye swingi ndefu na mfuatano unaorudiwa kwa kila jozi. Kwa mwili uliolelewa na kontra, hizo ndizo daraja jepesi zaidi. Kama unachokitafuta ni ile hali ya kuelea juu ya muziki, nenda huko kwanza. Kama unachokitafuta ni akili na miguu kufanya kazi pamoja bila kujua kinachokuja, vumilia darasa la klabu mpaka lifike mwisho, kwa sababu miezi ya kati ndiyo migumu kuliko ya kwanza na ya mwisho, na watu wengi huacha hapo. Na kama baada ya hapo bado huifurahii, iache kwa amani. Kontra peke yake inatosha kumshughulisha mtu maisha yake yote.

Kitu ambacho maandishi hayawezi kukufanyia ni kukushika mkono. Mwombe mwitaji wako, au mchezaji mzoefu, acheze nawe alemandi na swingi chache kabla ya darasa, akuambie unavuta kiasi gani. Dakika tano za mkono wa mtu anayejua zitakueleza zaidi ya barua yangu hii. Kama ukumbi una roshani, mtu awarekodi kwa simu kutoka juu. Viungo vinavyokwama huonekana wazi mno kutoka huko.

Sasa mwili. Kizunguzungu cha swingi kina sababu yake: majimaji ya sikio la ndani huendelea kusogea hata baada ya wewe kusimama, na ubongo unadanganywa kwamba bado unazunguka. Mtazame mwenzi wako usoni, au kwenye sikio au ukosi wa shati kama macho kwa macho kunakutia aibu, kwa sababu yeye ndiye kitu pekee kisichozunguka mbele yako. Usitazame ukuta wala sakafu. Maliza swingi mapigo mawili kabla ya muda na utembee kwa utulivu kuingia mwondoko unaofuata. Mwambie mwenzi mapema, "polepole, tafadhali", na mtu mwenye adabu atakuelewa. Lakini kama kizunguzungu kinakujia hata ukijigeuza kitandani, au kinaendelea saa kadhaa baada ya dansi, au kinaambatana na mlio sikioni, kusikia kupungua, kuzimia au maumivu ya kifua, hilo si suala la dansi. Muone daktari kabla ya kurudi ukumbini.

Bega mara nyingi huumizwa na mambo mawili: kuvuta kwa misuli ya mkono badala ya kuegemea kwa mgongo, na kuzungushwa mkono ukiwa juu ya kichwa na mtu mwenye pupa. La kwanza unalirekebisha kwa kushusha bega, kukunja kiwiko kidogo, na kushika kwa vidole bila kubana kwa kidole gumba. La pili una haki kamili ya kulikataa: shusha tu mkono ubaki usawa wa kiuno, na mzunguko hautafanyika. Maumivu yakikuamsha usiku, au ukishindwa kuinua mkono kuchana nywele, au yakipita wiki mbili bila kupungua, nenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo na upumzishe swingi.

Nimalizie na kontra yako, maana naitakia heri. Ukishaibadilisha hiyo alemandi na hiyo skwea-thruu, usiijaribu tena na watu wanne. Tafuta jozi nne, au sita kama unaweza. Kiungo ambacho watunzi wapya husahau ni kile kati ya pigo la 64 na pigo la kwanza: mwisho wa mfuatano unapokutana na mwanzo wake, na jirani uliyenaye si yule tena. Watu wanne hawawezi kukionesha, kwa sababu hawana jirani mpya wa kukutana naye. Angalia mkono upi uko huru hapo, kila mtu anatazama wapi, na jozi iliyotupwa mwisho wa mstari kusubiri zamu inajua igeuke saa ngapi. Kama hapo pia pameteleza kwa mizunguko mitatu mfululizo bila wewe kusema neno, mpelekee mwitaji wa ukumbi wenu.